Macho Chini, Masikio Juu

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso unanichoma hata sasa, mzee mimi wa meno ya kuhesabu. Ni siku niliyomvua mtoto wa watu kofia mbele ya uwanja mzima, nikamfukuza, kisha nikaenda nyumbani kula bugali nikidhani nimefanya kazi ya mwalimu.

Sikuwa na nia ya kuisimulia. Lakini jana nilipita pale uwanjani, nikakaa juu ya jiwe kupumzisha magoti, nikakuona na wale watoto wako wa softball. Uliwaonyesha ishara za mikono, moja, mbili, tano, nane, halafu ukapaza sauti: "Mumeelewa ao hamujaelewa?" Nao wote wakaitika kama kwaya ya Krismasi, "Tumeelewa, kocha!" Eh, mwanangu! Jibu lile nalijua. Nilitamani niinuke nikakuvute sikio, ila magoti yalikataa, na isitoshe si vizuri kumkemea mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Basi kaa hapa tukiwa wawili, unywe chai, unisikilize. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mengine niliyoyaona niliyafanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu juzi juzi tu, diploma yangu bado inanuka wino. Baba alikuwa karani wa ofisi, na kwetu mtaa wa Kadutu siku ya Jumapili tulisema Kifaransa kwa sauti kubwa, madirisha wazi, ili majirani wasikie. Unacheka? Cheka. Watu wa mji tuko hivyo. Nilipata kazi katika shule ya wasichana ya watawa, hapa hapa Bukavu, na wanafunzi wakaniita Mamuzeli, kama alivyoitwa kila mwalimu mwanamke ambaye hajaolewa. Mkuu wa shule alikuwa mtawa mmoja mrefu, mwenye maneno machache. Sisi tulimwita Masera tu, kama tunavyowaita watawa wote.

Katika shule hiyo alikuwa amepita mwalimu mgeni, mama mmoja mchangamfu aliyekaa miaka miwili, akatuachia kasha lenye glavu kumi na mbili, magongo matano, mipira, na kofia nyekundu za timu. Mchezo wenyewe aliufundisha yeye. Mrushaji anarusha mpira kwa mkono wa chini, mwenzake anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kutoka kituo cha kwanza hadi cha pili, cha tatu, halafu anarudi nyumbani palipoanzia, ndipo mnapata pointi. Kocha anasimama karibu na kituo cha tatu. Hasemi. Anatumia mikono kumwambia mkimbiaji aende au abaki, maana makelele ni mengi, na wapinzani nao wana masikio. Yule mama alipoondoka, Masera alinitazama mara moja tu, akasema, "Mamuzeli, njo weye sasa." Ndimi kocha mpya! Nami nikavimba kichwa.

Ishara alizotumia yule mama zilikuwa nne. Nikasema, mimi na diploma yangu, ishara nne? Nikatunga kumi na moja! Nikigusa sikio kisha kiwiko, maana yake kimbia. Nikigusa mkanda, baki. Nikipangusa kifua mara mbili, gonga mpira taratibu. Na nikigusa pua kabla ya yote, hiyo ilikuwa ishara ya saba, basi yote nitakayoonyesha baada ya hapo ni uongo wa kuwadanganya wapinzani, msiyafuate. Mwanangu, hata mimi usiku nililala nikizirudia nisije nikazisahau.

Nikazifundisha vipi? Kama nilivyofundishwa mimi. Niliziandika kwenye tablo, wasichana wakaziandika kwenye kaye, daftari zao, kwa wino wa bluu, vichwa vya habari kwa wino mwekundu. Tukazisoma kwa sauti, wote pamoja, siku tatu. Siku ya nne nikawapa mtihani wa karatasi, pointi ishirini. Hakuna aliyepata chini ya kumi na sita. Aliyepata ishirini juu ya ishirini alikuwa mmoja, jina lake Nsimire, na ndiye mtoto ninayekusimulia habari zake.

Nsimire alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwembamba, miguu mirefu, na mbio zake usiombe! Alikuwa mtoto wa Mumosho, kule kusini karibu na mto Ruzizi, amelelewa na nyanya yake baada ya mama yake kufariki. Hapa mjini hakuwa na ndugu. Lakini mazoezi yetu yalikuwa asubuhi kabla ya masomo, na kwa ajili hiyo Masera alikuwa ametenga vitanda vichache kwenye bweni kwa wachezaji waliotoka mbali. Nsimire alikuwa na kimoja. Kwa hiyo elewa vizuri: kitanda kilikuja kwa sababu ya timu, na shule ilikuja kwa sababu ya kitanda. Mimi nililijua jambo hilo. Siwezi kujitetea kwamba sikulijua.

Tabia yake ilikuwa ya zamani. Ukimwita, anakuja mbio, anasimama, anainamisha kichwa, macho kwenye vidole vya miguu. Ukimpa kitu anapokea kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo. Wenzake wa mjini walimcheka. Mimi nilimsifu, nikawaambia, "Mwone mwenzenu ana adabu." Sikufikiri zaidi ya hapo.

Basi Jumamosi moja timu ya Katana ilikuja kucheza nasi. Walishuka kwenye lori wakiimba, na uwanja wetu ukajaa wazazi, mapadri, wauza samaki wa sambaza, watoto juu ya ukuta. Mchezo ulikwenda sawa sawa mpaka zamu ya mwisho, hatujapitana. Nsimire alikuwa kwenye kituo cha tatu, hatua chache tu kutoka kwangu. Mwenzake akaupiga mpira, ukaruka juu ya vichwa vya wote, ukaenda kuingia kwenye majani ya mbali. Nikagusa sikio, nikagusa kiwiko. Kimbia!

Nsimire hakukimbia. Alisimama pale, kichwa chini, mikono nyuma.

Nikarudia. Sikio, kiwiko. Sikio, kiwiko! Nikapiga mikono hewani kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Watu wakaanza kucheka. Mtoto ameganda kabisa, anatazama vumbi, na mimi sikutaka kupiga kelele kwa sababu kocha msomi hapigi kelele, anatumia ishara. Mpira ukatafutwa kwenye majani, ukapatikana, ukarudishwa. Msichana aliyefuata kupiga akakosa mara tatu. Zamu ya Katana ilipofika wakapata pointi moja, na mchezo ukaisha.

Hasira hasara, walisema waliotutangulia, na mimi siku hiyo nililipa yote. Nilimfuata Nsimire katikati ya uwanja, watu wote wanaona. Nikamwambia, "Una ishirini juu ya ishirini, halafu unajifanya kipofu? Unanidharau mimi?" Kichwa kikazidi kushuka. Nami nikaona hiyo ndiyo dharau yenyewe, maana nilijua kwamba anajua, karatasi yake nilikuwa nimeisahihisha mimi. Nikasema, "Vua hiyo kofia. Timu yangu haitaki wenye kiburi."

Akaivua. Akanipa kwa mikono miwili, magoti amekunja. Akasema, "Aksanti, Mamuzeli."

Mwanangu, nilimsikia vizuri, na sikushtuka hata kidogo. Ndivyo hasira ilivyo.

Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wangu hakuchelewa, alizaliwa kesho yake. Jumapili baada ya misa Masera aliniita kando ya mlango wa kanisa. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kitanda cha Nsimire kiko wazi. Alikunja mukeka yake, akaaga bapishi, akaenda kwao na miguu. Ulimutoa mu timu, na kitanda ni ya timu. Yeye alielewa mbele ya weye kuelewa." Akaondoka zake, rozari mkononi.

Nilibaki pale nimeshika missali yangu, kitabu cha misa, kama mtu aliyepotea sokoni. Kutoka mjini hadi Mumosho kwa miguu, mtoto, peke yake, na mkeka kichwani! Sikurudi nyumbani hata kubadili viatu. Nilipata lori lililokuwa linashuka upande ule, likaniacha njiani, nikamalizia kwa miguu nikiuliza kila niliyekutana naye. Viatu vyangu vya visigino vya Jumapili nilivibeba mkononi. Wanawake waliokuwa wanarudi kutoka kanisani walinitazama wakacheka kwa huruma, na mmoja akanielekeza hadi kwenye nyumba yenyewe, juu ya kilima, migomba mbele, na chini bondeni kijito kinachonguruma kuelekea Ruzizi.

Nyanya yake Nsimire alikuwa mwanamke mfupi, amefunga kikwembe kwa nguvu kiunoni, mikono imepasuka kwa jembe. Nikaanza hotuba yangu hapo hapo mlangoni. Akanikata.

"Ikala kwanza. Umetoka mbali. Mutu hasemake na njala."

Nikakaa. Nikala. Bugali na maharagi, na yeye ananitazama tu. Nsimire ndiye aliyeninawisha mikono, macho chini. Nilipomaliza, yule mama akasema, "Sasa sema. Mutoto alifanya mabaya gani? Miye nilimuuliza, anasema hajue. Anasema tu: Mamuzeli alikasirika."

Nikamweleza. Nikamweleza mchezo, vituo, ishara, mtihani, ishirini juu ya ishirini, na jinsi mtoto alivyokataa kunitazama. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akapiga makofi mara moja, taratibu, kama watu wanavyofanya wakistaajabu.

"Mamuzeli, miye njo nilimufundisha vile. Mukubwa akikusimamia mbele, macho chini, masikio juu. Tangu akiwa mudogo. Akiinua macho nilimukemea. Sasa weye unasimama mbele yake, unasema na mikono. Mikono haiingiake mu masikio. Ulimupatia ruhusa ya kukutazama?"

"Ruhusa gani, mama?"

"Njo ile nakuuliza. Ulimupatia?"

Sikuwa nimempa. Haikunipitia akilini kwamba inahitaji kutolewa. Kwetu Kadutu, katika Kifaransa chetu cha Jumapili, baba alikuwa akisema, nitazame ninaposema nawe! Nikadhani dunia nzima imelelewa na baba yangu. Wiki nne nilimsifu mtoto yule kwa kuinamisha kichwa, na wiki ya tano nikamfukuza kwa kuinamisha kichwa hicho hicho.

Nikasema, "Lakini basi hawezi kucheza, mama. Ishara hazionekani chini."

Hapo akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Nani alisema hawezi? Nsimire! Enda kule."

Nsimire akashuka bondeni kwa mbio, akavuka kijito juu ya mawe, akapanda upande wa pili mpaka kwenye shamba la maharagi. Akawa mdogo kule mbali. Kelele za maji zilikuwa nyingi kiasi kwamba hata ungepiga tarumbeta asingesikia. Nyanya yake akasimama pembezoni mwa kilima, akainua mikono yote miwili juu, wazi. Nsimire akasimama palepale. Nyanya akasukuma viganja chini. Nsimire akachutama, akapotea kwenye maharagi. Kisha nyanya akauvuta mkono mmoja kuelekea kifuani, kwa nguvu, mara moja. Mtoto akachomoka huko kama sungura!

Alipokuwa anakuja, yule mama alinieleza bila kunitazama. Ndivyo walivyofanya kazi wote wa kilima kile, kwa sababu ya maji. Mvua ikija, mtu wa shamba la pili anaitwa kwa mkono. Nyani wakiingia kwenye mahindi, mnachutama wawakaribie. Ishara tatu, na zimewatosha tangu mama yake na mama wa mama yake. "Kule ni kazi, anatazama. Hapa mbele ya mukubwa ni heshima, anainama. Weye haukumwambia kama mupira ni kazi."

Nililia, mwanangu. Nakwambia wazi, sina aibu nayo tena. Nsimire alifika anahema, akasimama mbele yetu, kichwa kikashuka kama kawaida. Nikapiga magoti ili uso wangu uwe chini ya wake. Nikamwambia, "Nsimire, nilikukosea. Nisamehe. Ukitaka kurudi, nimekuja kukuchukua. Na kuanzia leo, unanitazama. Nakuomba."

Nyanya yake akaguna. Mwalimu kupiga magoti mbele ya mtoto, jambo hilo alikuwa hajaliona. Mtoto mwenyewe akatazama huku na huku kama anayetafuta pa kukimbilia. Nikamngoja. Maji yakanguruma. Mwishowe akainua macho, kidogo kidogo, na ndipo nilipojua kwamba macho yake yana rangi ya asali. Akasema kwa sauti ndogo sana:

"Mamuzeli, ile ya pua sikuielewa."

"Lakini ulipata ishirini!"

"Niliiandika vile uliandika. Ata wenzangu hawakuielewa. Ata mumoja."

Nikacheka na machozi yangu usoni. Wiki nne! Kila asubuhi nawauliza, mmeelewa? Kila asubuhi, ndiyo, Mamuzeli! Wangejibu nini kingine? Kwetu mtoto hamwambii mwalimu hapana. Nilikuwa nimeuliza swali lenye jibu moja tu, nikalichukua jibu hilo kuwa ni elimu.

Tuliondoka siku ya pili alfajiri, mkeka nikaubeba mimi kichwani. Usidhani mambo yalinyooka hapo. Maji yakimwagika hayazoleki. Tulipofika shuleni, kitanda kilikuwa kimekwisha kupewa msichana wa Luberizi aliyekuwa anangoja nafasi muda mrefu, na Masera akakataa kumwondoa, na alikuwa na haki. "Kosa ni yako," aliniambia, "usiibebeshe mutoto mwingine." Basi nikampeleka Nsimire nyumbani kwetu. Baba alilalamika siku mbili, kwa Kifaransa. Mama akaongeza maji kwenye mchuzi. Nsimire akalala kitandani mwangu, mzungu wa nne, kichwa chake miguuni pangu na miguu yake karibu na sikio langu, mwaka huo na mwingine mpaka bweni likapata nafasi. Na miguu ya mkimbiaji, mwanangu, hata usingizini haitulii. Sikuwahi kunung'unika.

Asubuhi ya kwanza ya mazoezi nilifuta tablo. Nikawaambia wasichana wafunge kaye. Nikawafundisha ishara tatu za Mumosho, mikono mikubwa ya kuonekana na mtu wa mbali, na aliyezifundisha hasa alikuwa Nsimire, mimi nikisimama mstarini kama mwanafunzi, nikikosea, wakinicheka. Kisha nikasema, "Hapa uwanjani kunitazama ni kazi. Ukitoka nje ya mistari, inama utakavyo." Na sikuuliza tena, mmeelewa? Niliuliza, "Ipi ni ngumu?" Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu mmoja akainua kidole, nikampigia makofi, na baada ya hapo hawakuacha kuuliza mpaka nikachoka. Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa wangu, niliyewafanya waogope kuuliza.

Mwezi ukaisha, tukaenda Katana kurudisha mchezo. Tulipanda lori letu kwa njia ya kando ya ziwa, wasichana wanaimba, kofia nyekundu, na ya Nsimire imerudi kichwani pake. Uwanja wao ulikuwa wa kuteremka kidogo, na watu wao ni wengi na wana sauti. Kufikia zamu ya mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi mbili. Na unajua ni nani aliyefika kituo cha tatu? Mungu naye ana mizaha yake.

Mpira ukapigwa, lakini si mbali. Nikaona mlinzi wao anauokota, anageuka kuurusha nyumbani. Hakuna nafasi. Nikainua mikono yote miwili juu, wazi. Baki hapo.

Nsimire alinitazama. Alinitazama usoni kabisa. Kisha akatikisa kichwa.

Akanikatalia! Mtoto wa Mumosho, mbele ya parokia nzima ya Katana, anamtikisia mkubwa kichwa. Mama mmoja pembeni alisema, "Yoo!" Nami, nikuambie kweli yote, hasira ya zamani ikapanda. Ilipanda, mwanangu. Tabia haifi kwa siku moja. Lakini macho yake hayakuwa na kiburi chochote. Yalikuwa yanaona kitu. Basi nikashusha mikono yangu, nikavuta mmoja kifuani kwa nguvu zangu zote.

Akachomoka. Nami nilipogeuka ndipo nikaona alichokuwa amekiona yeye. Mpira uliorushwa ulikuwa umempita mdakaji wao pale nyumbani, umeteremka kwenye mtaro nyuma yake, na kutoka pale niliposimama migongo ya watu ilikuwa imenificha. Nsimire alifika nyumbani kabla hawajauona.

Tulishindwa hata hivyo, kwa pointi moja. Usifikiri kila hadithi ya mzee inaishia kwenye kombe. Wasichana walikunywa maji, wakapewa ndizi na watu wa Katana, wakaanza kucheza pamoja kama ndugu. Nsimire akanijia peke yake. Akasimama mbele yangu nje ya mistari, na macho yakaanza kushuka, halafu akayazuia njiani.

"Mamuzeli, samahani. Nilikukatalia mbele ya batu."

Nikamwambia, "Mutoto wangu, ungenikatalia mapema. Ungenikatalia siku ile nikikuvua kofia. Ungesema tu, Mamuzeli, sikukuona."

Akafikiri. Si mtoto wa kujibu haraka. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza njia:

"Kama ningesema, ungenisikia?"

Nilitaka kusema ndiyo, lakini alikuwa ananitazama.

Basi mwanangu, umemaliza chai na mimi nimemaliza aibu yangu. Sikukuambia haya ili uache kuwafundisha ishara. Fundisha, lakini chache, kubwa, za kuonekana na mtoto aliye mbali na mwenye hofu, kwa sababu mtoto uwanjani daima yuko mbali na ana hofu hata ukimwona anacheka. Zitafute kwanza kwao, maana hakuna mtoto anayekuja kwako bila lugha ya mikono aliyoijua nyumbani. Usihesabu kiitikio chao kuwa ni kuelewa. Watoto wetu wamefundishwa kusema ndiyo, na ni vizuri, mimi siwabezi waliowafundisha, heshima si utumwa. Lakini heshima ya mtoto ni mzigo aliokukabidhi wewe mkubwa uubebe kwa uangalifu, si fimbo ya kumpigia. Akikosea, kabla ya kumvua kofia, chutama. Muulize alikuwa anaona nini kutoka pale aliposimama. Na umwulize wakati ambao bado ana mahali pa kulala akikujibu.

Na zaidi ya yote ujichunguze uso wako, siku zote, hata ukizeeka. Mimi swali lile la Katana ninajiuliza kila ninapogombana na mtu, mpaka na wajukuu zangu hawa wenye vichwa vigumu: huyu akiniambia ukweli sasa hivi, nitamsikia? Mara nyingine jibu ni hapana. Basi nanyamaza, nakunywa maji, nangoja mpaka liwe ndiyo.

Haya, nenda, watoto wasije wakakungoja. Mungu akubariki katika kazi yako, mwanangu. Akupe subira ya watu wa shamba. Asikuache ulale na neno baya ulilomwambia mtoto bila kulifuata, hata kama ni mbali na viatu vinauma. Na wale uliokabidhiwa awajalie wakue wakijua kuinama mbele ya wakubwa, na kuinua macho wanapokuwa na la kusema.